Bunduki ya Guka Ilishajaribiwa, Achana Nayo

Wasee, leo sina vichekesho. Kuna meseji nimekaa nayo wiki mbili, na kwa vile si ya kwanza ya aina yake, nimeona heri nijibu hapa mbele ya kila mtu.

Imetoka kwa kijana wa huku kwetu Othaya. Simtaji, na kijiji sikitaji. Walikuwa wanabomoa nyumba ya zamani ya guka yake, na juu ya dari wakapata kitu kimefungwa kwa gunia. Paipu fupi ya chuma, imefungwa kwa waya kwenye kipande cha mbao kilichochongwa vizuri, nyuma kuna komeo ya mlango. Unaishika na mkono mmoja, kama bastola. Guka alishaaga, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuambiwa iko. Sasa huyu kijana anataka kuitoa kutu, atafute risasi, ashuke nayo mtoni chini ya majani chai aijaribu mara moja tu, mimi nikiwa na kamera. Ameniuliza kama najua mafuta ya kutoa kutu ya miaka sabini. Akamalizia: "Buda, hii itatrendi vibaya."

Itatrendi, hapo hatubishani. Lakini mimi siendi, na wewe usiende. Na si kwa sababu ninaogopa kelele. Nina sababu, na nitazitoa moja moja.

Tuanze na hiyo neno yenyewe, kujaribu. Wengi wetu tumeona zile video za wazungu wakichukua bastola ya vita vya zamani, wanaipangusa, wanaingia uwanja wa shabaha, pah! Inakaa rahisi. Kile video inaruka ni kazi ya kabla. Bastola ya zamani haipelekwi kwa shabaha kwanza, inapelekwa kwa fundi. Anahakikisha haina risasi ndani. Anaangalia ndani ya mtutu kama kuna kitu kimeziba, kama kutu imekula chuma, kama kuna ufa. Kama ni revolva, anazungusha ile silinda ya kubeba risasi aone kama kila tundu linakaa sawasawa nyuma ya mtutu, kwa sababu likiwa limepinda kidogo tu, risasi inagonga ukingo na vipande vinarudi kwa wenye wamesimama hapo. Anapima springi. Anahakikisha risasi ni ya saizi ile na nguvu ile bunduki iliundiwa. Na hata baada ya hayo yote, mtu mwenye akili haishiki mara ya kwanza. Anaifunga mahali, anarudi nyuma, anavuta traiga na kamba.

Waingereza walijua hii kitu zamani sana. Mji wa Birmingham, ambao ndio ulitengeneza bastola za Webley, una nyumba ya kupima bunduki tangu 1813. Kazi ya hiyo nyumba ni moja: bunduki mpya inafyatuliwa kwa nguvu zaidi ya ile itakutana nayo maishani, ili kama ni ya kupasuka, ipasukie hapo ndani. Ikipita, inapigwa muhuri. Kwa hivyo askari wa mkoloni akipewa bastola kule Nyeri mwaka wa 1953, jaribio la kwanza lilikuwa lishafanywa na mtu mwingine, mbali, nyuma ya ukuta.

Sasa turudi kwa paipu ya guka. Hiyo ilipimwa wapi? Nani aliipiga muhuri?

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vijana wakaingia Nyandarua na Mlima Kenya, na wengi wao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na panga, simi na mikuki. Zile bunduki chache za kiwandani walizipata kwa kuiba, kununua kwa siri au kuvamia, kama usiku wa 26 Machi 1953 walipoingia kituo cha polisi cha Naivasha na kutoka na silaha za kweli. Kwa wale waliobaki, kulikuwa na mafundi. Mafundi walichukua paipu za maji, komeo za milango, misumari, na vipande vya mpira wa tyubu ya gari badala ya springi, wakaunda kitu cha kufyatua risasi moja. Paipu ya maji iliundwa kupitisha maji, wasee. Mlipuko wa risasi ni kitu kingine kabisa. Mara ingine ilifyatuka, mara ingine ikakataa, na mara ingine ikapasukia kwa mkono wa aliyeishika. Hiyo iko kwenye historia, na wakongwe waliotoka msituni waliisimulia sana.

Ukitaka kuyasoma maisha hayo kutoka kwa mtu wa hapa, kuna Karari Njama. Alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa Mahiga, yaani hapa hapa Othaya. Aliingia msituni 1953, akawa karibu na Dedan Kimathi, na baadaye akaandika pamoja na Mmarekani Donald Barnett kitabu kinaitwa Mau Mau from Within, kilitoka 1966. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sina digrii ya historia ya kuwaonyesha, lakini hicho kitabu hakiulizi cheti mlangoni. Kisome, halafu urudi uniambie kama bado unaona ile paipu ni ya kuchezea.

Kwa hivyo mtu akiniambia anataka kuiandaa bunduki ya guka kwa jaribio lake la kwanza, nataka kumwambia jaribio la kwanza lilishafanywa. Lilifanywa na kijana wa miaka yetu, ishirini, ishirini na moja, pengine kumi na nane. Hakuwa na kamba ya kuvutia traiga akiwa mbali. Hakuwa na fundi wa kuangalia ufa. Ule mkono wake ndio ulikuwa nyumba ya kupima. Alijua inaweza kumgeukia, na bado aliiinua, kwa sababu upande ule mwingine kulikuwa na watu wenye bunduki zenye muhuri. Wewe leo ukiirudia hiyo ndiyo upate watazamaji elfu hamsini, humuenzi. Unachukua kitu alichofanya kwa kukosa njia nyingine, unakifanya mchezo na wewe njia zingine unazo.

Haya, sababu ya pili ni sheria, na hapa nataka mtu asinijibu haraka ati naleta mambo ya serikali.

Mnajua Kimathi alinyongwa kwa kosa gani? Ukiuliza hapa steji, tisa kati ya kumi watakwambia alinyongwa kwa kuongoza vita. Kwa roho, ndiyo. Kwa karatasi, hapana. Alipigwa risasi na kushikwa asubuhi ya 21 Oktoba 1956 huko Tetu. Novemba hiyo hiyo akapelekwa mahakamani hapa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na mashtaka yalikuwa ya kupatikana na bastola, Webley Scott ya .38, na risasi sita. Basi. Sheria za hali ya hatari zilikuwa zimeifanya bunduki bila leseni kuwa kosa la kifo, na risasi vile vile. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hadi leo familia haijaonyeshwa kaburi. Mwanahistoria David Anderson alihesabu watu 1,090 walionyongwa wakati wa vita hivyo, na wengi hawakuhukumiwa kwa kuua mtu. Walipatikana tu na silaha, au risasi, au wakiwa na watu wasiotakiwa.

Sasa elewa kwa nini guka alificha ile kitu kwa dari na hakumwambia hata mtoto wake. Wakati wa hali ya hatari, hiyo paipu ingetosha kumpeleka kwa kamba. Na baada ya uhuru? Ni kweli, Desemba 1963 wapiganaji walitoka msituni wakaweka silaha chini pale Ruring'u. Lakini Mau Mau yenyewe, iliyopigwa marufuku 1950, ilibaki marufuku kwa vitabu vya sheria hadi 2003, serikali ya Mwai Kibaki, mtu wetu wa Othaya, ilipoiondoa. Miaka arobaini ya uhuru mzima! Mzee alikuwa anakaa kwa nchi aliyoipigania, na bado chama chake ni haramu. Wewe ungeongea?

Na leo? Leo hakuna mtu atanyongwa kwa hiyo paipu, lakini Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haijalala. Inahesabu kama bunduki chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua kwa kufyatua, na hata kile kinachoweza kurekebishwa kifyatue. Risasi zenyewe bila leseni ni kosa. Kurekebisha bunduki bila kibali ni kosa. Kwa hivyo ukiiacha juu ya dari, pengine wewe ni mjukuu aliyeshtuka. Ukiipaka mafuta, ukaitafutia risasi, ukabadilisha ule mpira ulioisha, umeshatoka kwa mambo ya historia. Umetengeneza silaha. Na umejirekodi ukiitengeneza, na uso wako uko wazi, na jina la eneo liko chini ya video. Buda, umewafanyia polisi kazi yote.

Najua mtu ataniuliza, "Lakini si ni urithi wetu? Si tuna haki ya kujua kama ilikuwa inafanya kazi?" Swali zuri, na nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba kufyatua hakutakwambia kama ilifanya kazi. Ile chuma imekula kutu miaka sabini, mpira umekuwa unga, mbao imekauka. Ikikataa leo, haimaanishi ilikataa 1954. Ikipasuka leo, haimaanishi ilipasuka 1954. Kitu pekee utakachojua ni kwamba ulikuwa na vidole vitano asubuhi.

Na hata hiyo kutu unayotaka kuitoa ina kazi. Fundi aliyeikata ile paipu aliacha alama za msumeno. Waya alioufunga una namna yake. Mtu wa makavazi anaweza kuangalia hizo alama akaziweka kando ya bunduki nyingine ya aina hiyo, akaona kama ni mkono mmoja. Ukisugua na msasa ndiyo ing'ae kwa kamera, umefuta sahihi ya fundi ambaye pengine hakuacha kitu kingine chochote duniani.

Unataka kuona kitu cha wazee kikifyatuka kweli? Angalia London. Mwaka wa 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambi zile. Hawakuenda na paipu, walienda na vile walivyokumbuka. Nani alifanya nini, kambi gani, mwaka gani. Wanahistoria wakaweka hizo kumbukumbu kando ya makaratasi, na makaratasi mengine yalikuwa yamefichwa huko Hanslope Park hadi 2011. Oktoba 2012 mahakama kuu ya London ikasema kesi ya wazee watatu inaweza kuendelea. Tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague akasimama bungeni kwao akasema serikali inasikitika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ukigawanya si pesa nyingi, na kuna wengi hawakupata chochote. Hiyo ni vita ingine. Lakini ona: serikali ambayo haikutingishwa na paipu zetu miaka ya hamsini ilitingishwa na shosho na guka waliokumbuka sawasawa.

Hapo ndipo pananiuma. Tuko na simu zenye kamera nzuri kushinda zile za vituo vya televisheni vya zamani. Na mtu aliyekuwa na miaka kumi na nane mwaka wa 1953 leo amepita tisini. Hao hawatungoji. Kila mwezi unasikia matanga ya mwingine kwa redio. Halafu sisi tunakimbilia kitu ambacho kimeshakaa miaka sabini na kingekaa mingine sabini, tunamwacha shosho kwa jiko anakunywa chai yake na hadithi yote iko kichwani. Na usidhani ni wanaume tu. Nani alikuwa anabeba chakula hadi ukingo wa msitu? Nani alipitisha risasi chini ya mzigo wa viazi mbele ya homugadi? Muulize shosho yako polepole, siku hana haraka. Ukiona amenyamaza, mwache, rudi siku nyingine. Na kumbuka kuna nyumba za homugadi pia, na ziko nao wajukuu, na wanasoma hii. Hadithi zao zirekodiwe vile vile, kwa sababu vita vilipita katikati ya familia moja na tukificha upande mmoja tutabaki na nusu ya ukweli.

Basi huyu kijana afanye nini? Mimi ningefanya hivi. Kwanza, nisiiguse tena, nisiisafishe, na nisiibebe kwa mkoba nikaingia nayo matatu ya Nyeri nikidhani nafanya uungwana. Nipige picha pale ilipo, na gunia lake. Niandike siku tuliyoipata, nyumba ilijengwa lini, guka alizaliwa wapi, nani anaweza kumkumbuka. Halafu mtu mzima wa familia aende kwa chifu, mikono mitupu, aseme kuna kitu kimepatikana, aje na polisi wakione. Mashahidi wawepo. Na familia iombe, kwa maandishi, kwamba kabla ya kitu chochote kuharibiwa watu wa makavazi wakiangalie. Tuna Makavazi ya Nyeri hapo Ruring'u, kwenye jengo la 1924 lililokuwa mahakama ya Waafrika wakati wa mkoloni. Hakuna nyumba inayofaa zaidi.

Lakini sitawadanganya kwamba hii njia ni laini, na hapa sasa naongea na wakubwa. Mzee wa kijiji akisikia neno bunduki na polisi kwa sentensi moja, anaitupa mtoni usiku. Na ana sababu. Anajua bunduki haramu zikikusanywa serikali inazichoma hadharani, tumeona moshi wa Ngong kwa habari. Zile za majambazi zichomwe, mimi nitaleta kiberiti. Lakini paipu ya mpiganaji wa 1953 ikichomwa pamoja na ile iliyoua mtu wa duka juzi, hapo tumekosea hesabu. Ninachotaka ni kitu kidogo: polisi, Makavazi ya Taifa na kaunti wakae chini, watangaze kwa redio za Kikuyu, kwamba familia yenye silaha ya zamani ya msituni inaweza kuitoa bila mtu kushikwa. Iharibiwe ile sehemu ya kufyatua kama ni lazima, kisha iwekwe kwa kioo na jina la mwenyewe chini yake. Jina, si "silaha ya kienyeji, mwaka haujulikani".

Pale Kimathi Street Nairobi tunapanga foleni kupiga picha na sanamu ya Kimathi, ile aliyoizindua Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa. Mkononi ana bunduki. Hakuna mtu huuliza kama hiyo bunduki inafyatuka. Tunajua si hiyo maana yake. Kwa nini ya guka yako ndiyo lazima ifyatuke ndiyo iwe na maana?

Kijana wangu, nimekusoma na sijakupuuza. Najua Othaya haina kazi nyingi na kahawa hailipi, na video moja ikitrendi inaweza kulipa kodi ya miezi mitatu. Mimi naishi kwa hizo hesabu kila mwezi. Kwa hivyo sikwambii uache kamera. Nakwambia nitakuja Jumamosi, na kamera, na maiki, na mkate na sukari ya shosho yako. Ile kitu ikae juu ya dari hadi chifu afike. Sisi tukae chini na shosho, tumuulize guka alikuwa nani kabla ya kuwa guka. Hiyo hujawahi kuijaribu.